Kichwa na Safari za Maana: Neno "Head" la Kiingereza Mbele ya Kiswahili cha Nyanda za Juu Kusini



1. Utangulizi

Mada yangu ya leo inahusu neno dogo la Kiingereza ambalo kila mwanafunzi wa shule ya msingi hulijua, nalo ni "head". Akiulizwa maana yake, mwanafunzi hujibu bila kusita kuwa ni "kichwa", na mwalimu humpa alama yake. Jibu hilo ni sahihi. Hata hivyo, usahihi wake una mipaka, na mwanafunzi huyohuyo huikuta mipaka hiyo mara aingiapo kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Katika jiografia hukuta mto una "head". Katika fizikia hukuta maji ya bwawa yana "head". Katika historia hukutana na kodi iliyotozwa kwa "head", na viongozi wa vijiji ambao jina la cheo chao limeanza na neno hilohilo. Shule yake ina "head", na gazeti lililobandikwa ukutani lina lake. Akilipeleka jibu la shule ya msingi kila mahali, atapata mto wenye kichwa, maji yenye kichwa na shule yenye kichwa, na somo litakuwa limempita.

Kamusi kubwa za Kiingereza huorodhesha maana za neno hili kwa makumi. Si nia yangu kuzipitia zote. Nia yangu ni kuonyesha kwamba maana nyingi za neno moja si rundo la vitu vilivyotupwa pamoja kwa bahati. Kila maana imetoka katika nyingine kwa njia inayoweza kufuatiliwa, na kila jamii ya wasemaji hujichagulia njia zake. Kiingereza na Kiswahili huanzia mahali pamoja, yaani juu ya shingo ya binadamu, kisha huachana. Mwalimu, mfasiri na mwandishi wa kamusi wanapaswa kujua ni wapi hasa lugha hizi mbili huachana, kwa kuwa makosa mengi hufanyika hapo.

Mifano yangu mingi nitaichukua Iringa na Mbeya, pamoja na Njombe na Songwe, mikoa iliyozaliwa kutoka katika hiyo miwili mwaka 2012 na mwaka 2016. Sababu ya uchaguzi huu ni kwamba katika nchi hii ya nyanda za juu kichwa cha mtu mmoja kilipata kuwa suala la mkataba wa kimataifa, na tofauti baina ya neno na neno ikawa na uzito kwa ukoo mzima. Suala hilo nitalifikia baada ya kuziweka wazi njia ambazo maana husafiri.

2. Neno moja au maneno mengi?

Wanaisimu hutofautisha hali mbili ambazo kwa juujuu hufanana. Hali ya kwanza huitwa homonimia. Katika Kiswahili tunalo "paa" la nyumba, "paa" mnyama wa porini, na "paa" kitenzi cha ndege anayeruka juu. Hayo ni maneno matatu yaliyokutana katika umbo moja, na kamusi nzuri huyapa vidahizo vitatu. Hali ya pili ni polisemia, ambapo neno ni moja lakini maana zake ni nyingi na zina udugu. Mfano ni "mlango". Upo mlango wa nyumba, upo mlango wa mto unapoingia baharini, na upo mlango kwa maana ya tawi la ukoo. Msikilizaji yeyote huona kwamba wazo la mahali pa kuingilia au kutokea linaziunganisha maana hizi. Neno "head" ni la hali hii ya pili.

Kwa asili, neno hili lilikuwa "heafod" katika Kiingereza cha kale, na ndugu zake ni "Haupt" la Kijerumani na "caput" la Kilatini. La kwetu nalo lina ukoo wake. Wasemaji wa Kimvita na Kiamu husema "kitwa", nasi tuliofuata lahaja ya Kiunguja, ambayo ndiyo iliyowekwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tunasema "kichwa". Mhehe husema "mutwe". Asiyezoea historia ya lugha za Kibantu anaweza kudhani kwamba "kichwa" na "mutwe" hayahusiani, lakini "kitwa" la Mombasa na Lamu linasimama katikati na kuonyesha mzizi. Kiambishi cha ngeli ndicho kilichobadilika, na sauti ya "tw" katika Kiunguja ikageuka kuwa "chw". Kwa hiyo Mhehe anapojifunza Kiswahili hajifunzi neno geni hapa. Anajifunza umbo la pwani la neno lake mwenyewe.

Kutoka katika maana ya kiungo cha mwili, neno hili limesafiri kwa njia kuu nne: njia ya mahali, njia ya hesabu, njia ya madaraka na njia ya akili. Nitazichukua moja baada ya nyingine.

3. Njia ya mahali

Kichwa cha binadamu kiko juu, na kichwa cha mnyama kiko mbele. Kwa mfanano huo, lugha hukiita kichwa kile kilicho juu au mbele ya kitu kingine. Hii ni sitiari ya umbo na mahali. Kiswahili na Kiingereza hupatana katika vitu vidogo vyenye umbo la mwili: msumari una kichwa, kijiti cha kiberiti kina kichwa, na habari ya gazetini ina kichwa chake juu ya safu.

Katika vitu vingine lugha hizi huachana. Kitanda kina upande wa kulaza kichwa, ambao Mwingereza huuita kwa neno lilelile "head", lakini Kiswahili kina neno lake mahususi, "mchago". Mto nao Mwingereza huutazama kama mwili uliolala: una "head" kule milimani na una mdomo kule baharini. Mswahili hautazami hivyo. Kwetu mto una chanzo, neno linalotokana na kitenzi "anza", na mwisho wake una mlango. Mtu wa Usangu anayezungumzia Ruaha Mkuu na maji yanayoteremka kutoka milima ya Kipengere kuingia katika bonde lake husema juu ya vyanzo vya mto. Kiingereza kinauliza mto una sehemu gani. Kiswahili kinauliza mto unaanzia wapi. Si tofauti ndogo kwa watu ambao tangu miaka ya 1990 wameuona mto huo ukikauka kila kiangazi katika sehemu yake ya Hifadhi ya Ruaha. Katika mjadala wa maji, "chanzo" humkumbusha msikilizaji kwamba kila kinachofanyika juu kina matokeo chini.

Mkulima wa mpunga wa Mbarali ana mfano mwingine. Jengo linalozuia maji ya mto na kuyaelekeza mferejini, ambalo wahandisi kwa Kiingereza hulipa jina lenye "head" ndani yake, yeye huliita "banio". Neno hili limetokana na kitenzi "bana", nalo linaeleza kazi inayofanyika pale: maji yanabanwa. Ni istilahi iliyo bora kuliko tafsiri yoyote ya neno kwa neno ambayo ofisi ingeweza kuibuni.

Katika fizikia, neno hilohilo humaanisha kimo ambacho maji huanguka, na nguvu ya umeme unaozalishwa hutegemea kimo hicho. Katika kituo cha Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, maji huteremka zaidi ya mita 800 kabla ya kuzungusha mitambo. Mwanafunzi anayesoma kwamba maji yale yana "head" kubwa hana budi kuelezwa kwamba ni "kimo" kinachozungumzwa. Asipoelezwa, atakariri kanuni ya hesabu bila kujua kinachopimwa.

Lakini tusidhani kwamba Kiswahili hubaki nyuma kila mara. Zipo safari ambazo neno letu limezifanya na la Kiingereza halikuzifanya. Reli ya TAZARA ilianza kujengwa mwaka 1970, ikakamilika mwaka 1975, na ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi nchini Zambia. Ilipopita Makambako na Mbeya, watu wa nyanda hizi waliona mtambo uliotangulia na kuvuta mabehewa, nao wakauita kwa jina ambalo Waswahili walikuwa nalo: kichwa cha treni. Mwingereza huutaja mtambo huo kwa jina la mashine. Vivyo hivyo madereva wa barabara kuu inayokwenda Tunduma husema "kichwa" na "tela". Kichwa chaweza kufunguliwa kikaondoka, na tela likabaki limesimama bila uhai. Hapa Kiswahili kimechukua sifa mbili za kichwa cha mnyama kwa pamoja: kutangulia, na kuwa mahali ambapo uhai wa mwili wote hutegemea.

4. Njia ya hesabu

Njia ya pili haitokani na mfanano. Inatokana na ukaribu, yaani sehemu ya kitu husimama badala ya kitu kizima. Wataalamu huiita metonimia. Mfugaji wa Kiingereza huhesabu ng'ombe wake kwa "head". Ana "head" hamsini za ng'ombe, wala hakuna anayedhani kwamba miili imeachwa mahali pengine. Kiswahili hakifanyi hivyo. Mzee wa Rungwe ana ng'ombe hamsini, basi. Ukimwambia ana vichwa hamsini vya ng'ombe, atafikiri unazungumzia machinjio. Inafaa kukumbuka pia kwamba neno la Kiingereza la ng'ombe kwa ujumla wao, "cattle", limetokana na neno la Kilatini la mali, ambalo nalo limetoka katika "caput". Mfugaji wa Kiingereza, bila kujua, husema kichwa mara mbili katika kifungu kimoja.

Pamoja na hayo, yapo mazingira ambamo Kiswahili kilikubali kuhesabu watu kwa vichwa, nayo ni mazingira ya kodi. Mwaka 1897 serikali ya Kijerumani ilitangaza kodi ya nyumba, ikaanza kutozwa mwaka 1898. Waingereza nao mwaka 1922 waliweka sheria ya kodi ya nyumba pamoja na kodi ya mtu. Hiyo ya pili ndiyo ambayo wananchi waliiita "kodi ya kichwa". Jina hilo liliendelea kuishi midomoni mwa watu kwa miongo mingi, na baadhi yao walilitumia hata kwa kodi ya maendeleo ya halmashauri, iliyofutwa mwaka 2003.

Tuichunguze maana ya "kichwa" katika jina hilo. Mwanamke ana kichwa, mtoto ana kichwa, na kikongwe ana kichwa. Lakini kichwa kilichohesabiwa na mtoza kodi wa 1922 kilikuwa cha mwanamume mtu mzima mwenye nguvu za kufanya kazi. Maana ya neno ilikuwa imepunguzwa na sheria hadi ikabeba jinsia, umri na afya. Na kwa kuwa fedha ya kodi haikupatikana nyumbani, vichwa hivyo viliondoka. Wabena walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, na Wanyakyusa walikwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa kule Chunya, kisha migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwanahistoria anayefasiri hati za kodi za wakati ule akaandika tu kwamba idadi ya vichwa ilikuwa kadhaa, bila kufafanua, atawapa wasomaji wake idadi ya watu ambayo si idadi ya watu.

5. Njia ya madaraka

Njia ya tatu ni ile inayokifanya kichwa kuwa mtawala. Katika lugha za Ulaya njia hii imekanyagwa sana. Neno la Kiingereza "chief", tulilolitohoa kuwa "chifu", limetoka katika Kifaransa, nalo la Kifaransa limetoka katika "caput". Wajerumani nao walimwita mtawala wa Kiafrika "Häuptling", jina lililojengwa juu ya "Haupt". Kwa maneno mengine, tawala zote mbili za kikoloni zilipofika hapa ziliwapa watawala wetu jina lenye maana ya kichwa.

Lugha zenyewe za hapa hazikuwa zimesema hivyo. Kiongozi wa Wahehe aliitwa "mutwa". Kiongozi wa Wanyakyusa aliitwa "malafyale", na chini yake walikuwapo viongozi wa vijiji vya rika walioitwa "amafumu". Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa baina ya 1934 na 1938, waliandika kwa kirefu juu ya vijiji hivyo na viongozi wake. Hati za utawala, kwa upande wake, ziliwaweka viongozi wa namna nyingi chini ya vyeo viwili tu vya Kiingereza, kimoja cha mkubwa na kingine cha mdogo, na vyote viwili vina kichwa ndani yake. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 iliimarisha mpangilio huo. Tofauti za kazi, za namna ya kuteuliwa na za mipaka ya madaraka zikafichwa na neno moja. Sheria zilizowatambua machifu zilipofutwa mwaka 1963, kilichofutwa kilikuwa cheo cha serikali. Maneno "mutwa" na "malafyale" hayakufutwa, kwa sababu hayakuwa yamewekwa na serikali.

Hapa naomba nitoe tahadhari. Wapo wanaovutwa na mfanano wa "mutwe", yaani kichwa, na "mutwa", yaani mtawala, wakasema kwamba Wahehe nao humwita mtawala kichwa. Mfanano huo wa sauti hauthibitishi udugu. Ili kudai udugu, sharti ionyeshwe kanuni iliyoigeuza irabu ya mwisho, na kanuni hiyo ionekane katika maneno mengine ya lugha hiyohiyo. Bila ya hayo tunabaki na maneno mawili yanayofanana, kama "paa" na "paa".

Kiswahili chenyewe humwita mwenye madaraka "mkuu". Tunaye mwalimu mkuu, mkuu wa wilaya, mkuu wa mkoa. Tunayo makao makuu. Mzizi "-kuu" unahusu ukubwa na hadhi, wala hauhusu kiungo cha mwili. Tunaye pia "kiongozi", anayetangulia na kuonyesha njia. Hata hivyo, matumizi ya "kichwa" kwa maana ya mwenye madaraka yamo katika Kiswahili cha leo, hasa katika usemi kwamba baba ni kichwa cha nyumba. Usemi huu umepewa nguvu kubwa na tafsiri za Biblia, hususan nyaraka za Mtume Paulo, ambamo neno la Kigiriki lenye maana ya kichwa limetumiwa kwa mume. Wamisionari wa Kimoravian na wa Berlin waliingia Unyakyusa mwaka 1891, na tangu hapo mafundisho hayo yamesikika makanisani kwa vizazi. Wataalamu wa Kigiriki wenyewe hawajakubaliana kama neno lile lilimaanisha mamlaka au chanzo. Na sisi tumekwisha kuona, katika mfano wa mto, kwamba lugha zaweza kutenganisha maana hizo mbili au kuziunganisha.

Jambo hili linagusa maisha ya watu. Katika sensa za Tanzania, "head" wa Kiingereza katika madodoso amefasiriwa kuwa "mkuu wa kaya", naye aweza kuwa mwanamume au mwanamke. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara. Karani angeuliza "kichwa cha nyumba hii ni nani?", mama wa Makete anayelea wajukuu peke yake angeweza kumtaja marehemu mumewe au mwanawe aliye mjini. Akiulizwa mkuu wa kaya ni nani, yaani nani anayetambuliwa na wanakaya kuwa ndiye msimamizi wao, ana nafasi ya kujitaja mwenyewe. Neno moja likibadilika, kaya inayoongozwa na mwanamke yaweza kuonekana au kutoonekana katika takwimu, na mipango ya serikali hufuata takwimu.

6. Njia ya akili

Njia ya nne nitaipitia kwa haraka. Lugha zote mbili hukifanya kichwa kuwa nyumba ya akili. Mwanafunzi hodari "ana kichwa", au yeye mwenyewe "ni kichwa". Asiyeelewa upesi ana kichwa kizito, na asiyesikia la mkubwa ana kichwa kigumu. Anayekwenda bila kufikiri huenda kichwa kichwa. Euphrase Kezilahabi aliipa riwaya yake ya mwaka 1974 jina la "Kichwamaji", na msomaji wa Kiswahili hakuhitaji maelezo. Hata kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila kinyozi hujifunzia kunyoa, kimekuwa msemo wa kumsema mtu au timu inayoonewa na kila ajaye.

Kinachotutenga na Waingereza ni mgawanyo wa kazi baina ya kichwa na moyo. Utulivu, ambao Mwingereza huuweka kichwani, sisi tunauweka moyoni. Kwa Kiingereza mtu aliyefadhaika huweza kusemwa kwamba amepoteza kichwa chake. Kiswahili hakina njia hiyo. Kwetu aliyepoteza kichwa amekufa, na Iringa inamjua mtu wa namna hiyo kwa jina.

7. Kichwa na fuvu

Mutwa Mkwawa aliwashinda Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ilitekwa, na Mkwawa akaendelea kupigana akiwa msituni kwa karibu miaka minne. Tarehe 19 Julai 1898, alipokaribia kukamatwa, alijiua kwa risasi kule Mlambalasi. Askari waliomfuatia walikikata kichwa chake na kukichukua.

Vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919 uliliweka jambo hili katika kifungu cha 246. Ujerumani ilitakiwa, katika muda wa miezi sita, kuikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Tuyatazame maneno hayo kwa jicho la mwanaisimu. Mkwawa hakuitwa mutwa wala chifu. Aliitwa sultani, cheo ambacho Wajerumani walikuwa wamezoea kuwapa watawala wa sehemu hizi. Kilichodaiwa hakikuitwa kichwa, kiliitwa fuvu. Na aliyetajwa kuwa mpokeaji hakuwa ukoo wala Uhehe, alikuwa serikali ya Uingereza.

Kifungu hicho hakikutekelezwa kwa miaka mingi. Mwaka 1953 Gavana Edward Twining alikwenda mwenyewe katika makumbusho ya Bremen, yaliyokuwa na mafuvu yapatayo 2,000, na kati yake 84 yalitoka iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Yalitengwa yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, na katika hayo likachaguliwa moja lenye tundu la risasi. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa pale Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Hadi leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga.

Katika Kiswahili, "kichwa" na "fuvu" si visawe. Kichwa huwa cha mtu fulani. Tukisikia neno hilo juu ya binadamu, mara moja tunauliza ni cha nani, nasi tunaona uso. Fuvu ni kilichobaki baada ya uso kuondoka. Neno hili lina udugu na "kifuu" cha nazi, gamba lililokwisha kutolewa kilichokuwa ndani. Fuvu laweza kuwekwa rafuni pamoja na mengine 1,999, likapimwa na kupewa namba. Kilichoondoka Uhehe mwaka 1898 kilikuwa kichwa. Kilichotafutwa Bremen mwaka 1953 kilikuwa fuvu, na ilibidi vipimo vifanye kazi ambayo uso ungeifanya. Ndiyo maana wazee wa Iringa, hata wakijua vizuri neno "fuvu", huendelea kusema kichwa cha Mkwawa. Hawakosei istilahi. Wanamrudishia mwenyewe kilicho chake.

Suala hili halijawa historia tupu. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akaomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Majimaji, na akazungumza na wazao wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa mwaka 1906 na ambaye kichwa chake familia inakidai. Katika mazungumzo ya namna hii hati za makumbusho husema "mabaki ya binadamu", wataalamu husema "mafuvu", na familia husema "kichwa cha babu yetu". Maneno hayo matatu yaweza kuelekea kitu kimoja, lakini hayasemi jambo moja. Mfasiri anayeketi katikati akayafanya kuwa neno moja kwa ajili ya urahisi atakuwa ameamua, bila kuulizwa, kama kinachojadiliwa ni kielelezo cha makumbusho au ni mtu.

8. Hitimisho

Tangu A. C. Madan alipochapisha kamusi yake ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894, hadi ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 na ile ya TUKI ya mwaka 1996, kazi ya kutafuta visawe imepiga hatua kubwa. Kutokana na niliyoyaeleza, napenda kupendekeza mambo matatu kwa wanaoiendeleza.

Kwanza, chini ya kidahizo chenye maana nyingi, maana zipangwe kwa njia zilizopitia, na kila moja ipewe mfano wa sentensi. Msomaji akiona mahali, hesabu, madaraka na akili zimetengwa, atajua aingie mlango upi. Pili, walimu wawafundishe wanafunzi kuuliza swali moja kabla ya kufasiri: ni "head" ya nini? Jibu litakuwa chanzo kwa mto, kimo kwa maji, mkuu kwa shule na mchago kwa kitanda. Mwanafunzi aliyezoea swali hilo atalitumia pia kwa maneno mengine mengi ya Kiingereza yenye tabia hiyo. Tatu, wanaofasiri sheria, madodoso na hati za kihistoria wachunguze neno lilikuwa likifanya kazi gani katika hati, na nani aliyehesabiwa au kuachwa nalo.

Istilahi nyingi tunazozihitaji tayari zimo vinywani mwa watu. Zipo Mbarali kwenye mabanio, zipo barabarani Tunduma, zipo katika "mutwe" wa Kihehe. Ni wajibu wa vyuo vyetu kwenda kuzisikiliza kabla ya kuketi ofisini na kubuni nyingine.